Malaika Hawakuonekana

Kila asubuhi, saa mbili kasorobo, kabla hajanywa chai na kabla hajajibu salamu ya mtu kwa zaidi ya neno moja, Mzee Yotham Nhonya hujing'oa laika moja kwenye mkono wa kushoto, huliweka juu ya kioo, hulidondoshea tone la maji na kulisukuma chini ya hadubini. Huchungulia. Kisha husema, "Lipo." Hulipuliza likaenda zake, na siku ya kazi ikaanza.

Amefanya hivyo miaka thelathini na mmoja. Mkono wake wa kushoto, toka kiganjani hadi kiwiko, umebaki laini kama yai, na siku hizi humchukua muda kulipata la kung'oa. Wapo watumishi wapya wanaoamini aliungua na maji ya moto utotoni, na humwonea huruma wanapompisha mlangoni.

Mimi nilipelekwa pale kwa mafunzo ya vitendo ya wiki nane. Niliambiwa nimwangalie Mzee Yotham, niulize nisichoelewa. Nilimwangalia. Swali niliuliza moja tu, siku ya mwisho.

Maabara iko Dodoma mjini, kwenye jengo la serikali lenye vioo vingi na maji ya kubahatisha. Ina mashine kubwa iliyozinduliwa kwa utepe na ngoma, inayoweza kutaja kila kilichomo ndani ya jani. Ilifanya kazi siku ya utepe. Tangu hapo inasubiri kifaa kutoka ng'ambo, nayo imefunikwa kitambaa cha maua kama kochi la sebuleni lililotengewa wageni. Dawa za kipimo cha rangi zilikwisha Januari. Kwa hiyo polisi wakikamata bangi, au kitu walichodhani ni bangi, kilichosimama kati ya mtuhumiwa na jela kilikuwa ni Mzee Yotham, hadubini inayomzidi umri dereva wa ofisi, na malaika.

Malaika ni zile nywele fupi laini zinazoota mikononi na miguuni mwetu. Moja huitwa laika. Majani nayo yana malaika yake. Ya bangi, upande wa juu wa jani, ni mafupi, yamepinda kama kucha za paka, na kila moja limekalia kijiwe cha chokaa. Ukidondosha asidi kidogo, kijiwe kinatoa mapovu. Upande wa chini ni membamba na marefu. Mzee Yotham akiyaona yote hayo anatia saini. Asipoyaona anatia saini vilevile, ila mtu anarudi kwake.

Angalau ndivyo ilivyopaswa kuwa kwa Mama Raheli.

Bahasha yake ililetwa Jumatano ya mwisho ya Machi na Konstebo Ambokile, kijana mpole wa Tukuyu aliyekuwa na miezi minne tu huku kwetu. Aliisimulia kazi yake kwa fahari, akiwa amesimama wima mbele ya meza kama anayetoa ripoti gwarideni. Alikuwa kwenye kizuizi karibu na Kibaigwa. Akamshusha kwenye basi mama mmoja mjane wa Hombolo, aliyekuwa na gunia la majani makavu yaliyopondwapondwa.

"Nikamuuliza, mama, humu mna nini? Akasema, majani tu, baba."

"Alisema majani," alirudia Mzee Yotham.

"Kwa mdomo wake. Nikamuuliza, ya nini? Akasema anakwenda kuuza sokoni, wengine wanayanunua kupeleka Dar. Nikamtega. Nikasema, yanavuta?"

"Akasemaje?"

"Akacheka. Akasema, yanavuta sana, baba. Ukitia magadi kidogo yanavuta mpaka ushangae."

Yote hayo yalikuwa yameandikwa kwenye maelezo aliyoambatanisha. *Mtuhumiwa alikiri kuwa ni majani, kuwa yanavuta, na kuwa huchanganywa na magadi ili kuyaongezea nguvu.* Chini yake palikuwa na alama ya dole gumba la Mama Raheli, ambaye Kiswahili alijifunzia ukubwani, na hakuona kosa katika neno hata moja kati ya hayo.

Mzee Yotham alikata bahasha kwa mkasi. Alipoifungua tu, uso wake ukalegea kidogo, kama mtu aliyesikia akiitwa jina lake la utotoni. Kisha akaukaza tena, akavaa glavu, akaanza kazi.

Hata mimi niliyezaliwa Singida niliitambua ile harufu kutoka kwenye kiti changu. Ulikuwa mlenda. Ule wa porini, unaochumwa wakati wa mvua, ukaanikwa na kupondwa ili kiangazi kikifika watu wawe na mboga ya kuvuta kwenye ugali. Huku kwa Wagogo mtoto wa miaka minne angekutajia akiwa amefumba macho. Mzee Yotham, Mgogo wa Mvumi, alihitaji saa mbili na vioo kumi na viwili. Alichungulia upande wa juu, akachungulia upande wa chini, akadondosha asidi, akasubiri mapovu ambayo hayakuja. Alichokiona ni vijiuvimbe vyenye vichwa vinne vinne vilivyoshikana, ambavyo vikipata maji hufura na kuteleza, ndiyo maana mboga yenyewe huvuta.

Kisha akaandika ripoti.

Hapa inabidi nieleze kwamba kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi Mzee Yotham aliandika ripoti kwa Kiingereza. Hakuna aliyezisoma, na kila mtu aliridhika. Mahakama zilipoanza kutumia Kiswahili, watu wakaanza kuelewa, na shida ikaanzia hapo. Aliandika hivi:

*Malaika yenye mawe kwenye shina hayakuonekana. Yaliyoonekana ni malaika yenye vichwa vinne, ambayo yakiguswa na maji huvimba. Hitimisho: kama ilivyoelezwa hapo juu.*

Hitimisho lake ni hilo sikuzote. Mtaalamu, husema, anaeleza alichokiona. Kuhitimisha ni kazi ya waliopewa gari.

Ripoti ikapita kwa Bi. Edina, afisa wa lugha, mwenye shahada ya Kiswahili na kalamu nyekundu. Bi. Edina hajui mambo ya majani, lakini sarufi anaijua. Aliona malaika, kiumbe mwenye uhai, akipatanishwa kama yai au jiwe, akasikitika kwa niaba ya taifa. Alasiri ile ripoti ilirudi ikiwa safi, imepigwa chapa na muhuri:

*Malaika wenye mawe kwenye shina hawakuonekana. Walioonekana ni malaika wenye vichwa vinne, ambao wakiguswa na maji huvimba.*

Mimi ndiye niliyetumwa kuipeleka mahakamani Ijumaa. Niliisoma njiani. Nilifikiri kumwambia mtu, kisha nikafikiri kwamba hakuna aliyeniuliza.

Mama Raheli aliletwa akiwa amefunga khanga mbili na amevaa kandambili za plastiki. Kwa mzigo wa uzito ule dhamana hakupewa. Alikuwa mwembamba, mtu wa miaka sitini hivi, na alipoulizwa kama ana la kusema kabla ya ripoti kusomwa, alisema lile alilokuwa akilisema tangu kizuizini.

"Mngetia kwenye maji tu, mheshimiwa. Au mniache niende, niwafukuze ndege, kisha nirudi. Uwele wangu umeanza kukauka."

"Utakwenda baada ya ripoti, mama," alisema hakimu, mwanamke mwenye miwani ya kamba, akaanza kuisoma kwa sauti. Aliisoma mara moja. Akavua miwani, akaipangusa, akaisoma tena kimoyomoyo.

"Wakili wa serikali," alisema, "mtaalamu wako anasema malaika hawakuonekana."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Wale wenye mawe. Wenye vichwa vinne walionekana."

"Ndivyo inavyosomeka, mheshimiwa."

"Wakinyeshewa wanavimba."

Wakili alifungua faili lake, akalifunga. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa benchi la mbele yangu alimnong'oneza jirani yake kwamba wa nyuso nne wamo kwa manabii, lakini wa kuvimba hajapata kuwasikia, labda ni wa haya makanisa mapya. Kicheko kikatambaa benchi hadi benchi. Mama Raheli peke yake hakucheka. Alikuwa akimtazama hakimu kama mtu anayesubiri chenji.

"Upande wa mashtaka unaomba muda wa kupata ufafanuzi," alisema wakili.

"Ufafanuzi wa malaika?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Siku kumi na nne," alisema hakimu, na mama akarudishwa mahabusu.

Nilirudi nikaeleza. Mzee Yotham alisikiliza yote, na kilichomchoma kati ya hayo yote kikawa kimoja.

"Walisema *hawakuonekana*?"

Alimfuata Bi. Edina ofisini kwake, mimi nyuma yake nimebeba faili.

"Mama Edina, nani amegusa malaika yangu?"

"Malaika wako, mzee."

"Yangu. Laika, malaika. Kama jani, majani."

"Mzee, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Laika, malaika."

"Sikatai, neno lipo. Ila msomaji wa kawaida halijui. Andika *vinyweleo*, tumalize, hakimu asome aelewe."

"Vinyweleo ni yale matundu jasho linapotokea."

"Kamusi inasema ni nywele vilevile."

"Basi kamusi haijajua inataka nini. Mimi najua."

"Mzee, kuna mtu mahabusu."

"Ndiyo maana neno lazima liwe sahihi," alisema Mzee Yotham, na akaonekana anaamini.

Jumatatu alianza kuandika dokezo. Kichwa chake kilikuwa *Kuhusu Laika*. Lilikusudiwa kuwa aya moja. Kufikia Jumanne lilikuwa na kurasa tatu, likieleza malaika ya binadamu, malaika ya mbuzi na malaika ya mmea, pamoja na mchoro mzuri sana wa kwapa. Mkuu wa kitengo, Dokta Ebenezer, alipita mlangoni akauliza kama lile jambo la mahakama limekwisha. Mzee Yotham akamwambia liko ukurasa wa tatu.

Juma lililofuata alikuja Emilia, jirani yake Mama Raheli kutoka Hombolo. Mlinzi hakumruhusu kuingia kwa kuwa hakuwa na barua, kwa hiyo Mzee Yotham alishuka getini, nami nikashuka naye kwa kuwa nilizoea kumfuata.

"Nimeambiwa karatasi ya Raheli iko kwako," alisema Emilia.

"Iko kwenye mchakato."

"Mchakato unaisha lini?"

"Ukipita kwa mkuu, ukapita masijala, ukasainiwa."

Emilia alitikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei. "Ndege wameshuka. Ninafukuza shamba langu na lake, na mimi nina miguu miwili. Hao kwelea hawajui habari ya mchakato. Wanakuja asubuhi kabla ya jua, hawachelewi kazini."

Mzee Yotham alitazama viatu vyake.

"Sasa kinachosubiriwa ni nini hasa?" Emilia aliuliza. "Hamjajua bado kuwa ni mlenda?"

"Tunajua."

"Basi?"

"Tunatafuta namna ya kuuandika."

Emilia alimwangalia, kisha akaniangalia mimi, kisha jengo lote na vioo vyake. Alifunga khanga yake vizuri, akaondoka. Mzee Yotham alipanda ngazi polepole, akakaa, akashika kalamu, nikadhani atachana kurasa zote tatu na kuandika sentensi moja. Akaanza ukurasa wa nne.

Ijumaa ya pili ripoti haikufika mahakamani kabisa. Ilikuwa ndani ya mkoba wa Dokta Ebenezer, na mkoba ulikuwa Morogoro kwenye semina ya kuharakisha huduma kwa wananchi. Siku kumi na nne nyingine.

Safari ile hakimu hakungoja karatasi. Alimwita aliyeiandika.

Mzee Yotham alifika mahakamani amevaa koti la kijivu lililonukia dawa ya nondo, amekumbatia kurasa zake nne. Aliapa kwa sauti nzuri. Mama Raheli alikuwa amezidi kukonda, na mara hii hakuomba kwenda kufukuza ndege.

"Wewe ndiye uliyeandika habari za malaika?" aliuliza hakimu.

"Ndiyo, mheshimiwa, lakini si wale."

"Si wale gani?"

"Wa mbinguni. Haya yangu ni ya mwilini. Ukiniruhusu."

Akavua koti, akakunja mkono wa shati wa kushoto hadi kwenye kiwiko, akaunyoosha mbele ya mahakama.

"Mheshimiwa, haya ndiyo malaika."

Hakimu aliinama, akavaa miwani. Karani naye akainama.

"Sioni kitu," alisema hakimu.

Mzee Yotham aliutazama mkono wake. Sidhani kama alikuwa ameutazama kwa macho matupu kwa miaka mingi. Ulimeta pale chini ya taa ya mahakama, mweupe peee kwa usafi, hauna hata moja.

"Hawakuonekana," alisema yule mzee wa kanisa kutoka benchi lake, na karani akalazimika kugonga meza.

Mzee Yotham aliushusha ule wa kushoto, akaukunja wa kulia. Hapo palikuwa na msitu.

"Aa," alisema hakimu. "Sasa nayaona."

Nilikuwa nimekaa upande ambao uso wake niliuona vizuri. Hakimu alikuwa amesema *nayaona*. Hakusema *nawaona*. Mzee Yotham alifumba macho nusu nukta, kama mtu aliyemwagiwa maji ya vuguvugu mgongoni baada ya safari ndefu. Mwezi mzima wa vita na Bi. Edina ulikuwa umeishia kwa ushindi, na ushindi umeandikwa kwenye kumbukumbu za mahakama.

"Na majani haya yana malaika ya bangi?"

"Hayana."

"Kwa hiyo si bangi."

"Si bangi, mheshimiwa."

"Ni nini?"

"Mlenda."

"Na hilo neno ungeweza kuliandika?"

"Fomu haiulizi, mheshimiwa. Ina matokeo na hitimisho."

"Na kwenye hitimisho umeandika *kama ilivyoelezwa hapo juu*."

"Ndiyo, mheshimiwa."

Hakimu aliandika mstari mmoja, akamwachia Mama Raheli huru.

Nje, kwenye korido, mama alikuwa akiuliza gunia lake. Konstebo Ambokile, ambaye hakuwa mtu mbaya na alikuwa amevua kofia, alimweleza kwamba gunia ni kielelezo, na vielelezo vya namna ile huteketezwa kwa moto kwa mujibu wa utaratibu.

"Mnachoma mboga?"

"Kielelezo, mama."

"Hata sasa, baada ya kuniachia?"

"Faili lilifunguliwa kama bangi, mama. Litafungwa kama bangi."

Ndipo akamwona Mzee Yotham akivaa koti lake. Akamsogelea.

"Mbukwenyi," alimsalimu.

"Mbukwenyi," aliitika Mzee Yotham.

"Kwenu wapi?"

"Mvumi."

"Mama yako alikuwa akikulisha nini kiangazi?"

Mzee Yotham alitafuta kitufe cha koti, akakikosa. "Mlenda."

"Haya," alisema Mama Raheli, akateremka ngazi kwa kandambili zake. Emilia alikuwa akimsubiri chini. Nilimsikia akimwambia asiende shambani moja kwa moja, ale kwanza, kwa kuwa shambani hakuna haraka tena.

Ofisini kila kitu kilichukuliwa kwa uzito uliostahili. Imeundwa kamati ya istilahi, mwenyekiti Dokta Ebenezer, katibu Bi. Edina. Imekutana mara mbili na kuafikiana kuhusu jina la kamati. Dokezo *Kuhusu Laika* limewekwa kwenye faili la mafunzo, na watumishi wapya watalisoma, pamoja na mchoro wa kwapa. Mashine kubwa imefuliwa kitambaa. Fomu ni ile ile.

Siku yangu ya mwisho nilifika mapema. Mzee Yotham alikuwa amehamia mkono wa kulia. Aling'oa laika moja, akaliweka kwenye kioo, akadondosha maji, akachungulia.

"Lipo," alisema.

Nilikuwa nimelipanga swali langu tangu siku ile ya korido, nikalala nalo na kuamka nalo, na bado sauti iliponitoka ilikuwa ndogo.

"Mzee, kama siku ile ya kwanza ungeandika *vinyweleo*, au ungeandika tu kwamba ni mlenda, Mama Raheli angetoka lini?"

Alilipuliza lile laika. Akachukua kitambaa, akaanza kupangusa kioo, akapangusa mpaka kikalia.

"Ijumaa ile ile ya kwanza," alisema.